Shamba la Chai na Shahada ya Ng'ambo



Juma hili tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa, kwa sababu ya barua iliyotufikia kutoka Litein, kaunti ya Kericho. Aliyeiandika ni mama mwenye asili ya Mombasa, aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita, na jarida letu humfikia kwa mikono ya jamaa zake. Mumewe ana duka mjini, na wawili hao wana shamba la chai la ekari mbili upande wa Konoin, katika kaunti ya Bomet, walilolinunua pamoja kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto wanne. Wa kwanza ni binti, aliyehitimu shahada ya usanifu majengo Nairobi, na sasa ana mwaka mmoja kazini katika ofisi ya wasanifu. Amepata nafasi katika chuo kimoja cha London kusomea shahada ya uzamili ya usanifu majengo kwa njia ya ukokotoaji, yaani kubuni jengo kwa kuandika kanuni za hesabu ambazo kompyuta huzifuata. Masomo ni ya mwaka mmoja, na chuo kinataka amana ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Baba ameazimia kuuza shamba. Ami wa binti anapinga, akisema mali ya watoto haiuzwi kwa ajili ya msichana ambaye kesho ataolewa. Mama anatuuliza mambo mawili: elimu hii ni kitu gani hasa, na je, yafaa shamba liuzwe kwa ajili yake?

Tuanze na la kwanza. Kwetu watu wa pwani, elimu hii si ngeni kama jina lake linavyosikika. Tazameni nyumba za kale za mawe za Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wembamba huo haukutokana na mapenzi ya mwenye nyumba. Uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa zikipita urefu fulani. Fundi akishaijua boriti, amekijua chumba. Akishakijua chumba, amejua ukuta uwe mnene kiasi gani na mlango ukae wapi. Kanuni moja ilizaa nyumba nzima, na kwa kanuni hiyo hiyo zikajengwa nyumba nyingi zisizofanana. Msanifu anayetumia ukokotoaji hufanya jambo la namna hiyo: haanzi kwa kuchora umbo, huanza kwa kuandika masharti. Huiambia kompyuta urefu wa mbao iliyopo, uzito wa paa, mwelekeo wa mvua na bei ya kigae, kisha huona maumbo mengi yanayotimiza masharti hayo, na kuchagua.

Wala asili ya hesabu hizi haiko mbali nasi. Neno algorithimu, ambalo ni roho ya kazi yote ya kompyuta, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Karne sita baadaye, mwaka 1427, Jamshid al-Kashi alikamilisha Samarkand kitabu chake cha hesabu, Miftah al-Hisab, na ndani yake akatenga sehemu ya kupima majengo: matao, makuba, na yale mapambo ya muqarnas yanayoning'inia chini ya kuba mfano wa masega ya nyuki. Alionesha jinsi fundi anavyoweza kukadiria eneo la pambo lenye pembe chungu nzima kwa kujua vipande vichache tu vinavyojirudia. Binti wa Litein akikaa mbele ya kompyuta yake, anaendeleza kazi ambayo wazee wetu katika imani walikwisha kuifungulia mlango.

Mama ameuliza pia kama elimu hii ina matumizi yoyote huko kwenye chai. Jibu liko Kericho mjini. Mwaka 2015 ndugu zetu Wakatoliki walifungua kanisa lao kuu la Moyo Mtakatifu, lenye nafasi ya waumini 1,500. Anayepita barabarani huliona paa lake refu likipanda taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama kilima miongoni mwa vilima. Ndani yake fremu za zege zimepangwa mstari, na kila fremu ni kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Kanuni ni moja, vipimo vinabadilika hatua kwa hatua. Wasanifu wake ni ofisi ya John McAslan ya London. Hatulitaji kwa kijicho. Tunalitaja kwa sababu linaonesha kwamba nchi ya chai imekwisha kulihitaji jengo la namna hiyo, na lilipohitajika mkono wa msanifu ulitafutwa ng'ambo.

Mfano wa pili uko Rwanda, nchi ya vilima na mvua kama Kericho. Katika uwanja wa kriketi wa Gahanga, karibu na Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, kuna mapaa ya matao yanayofanana na mruko wa mpira unaodunda. Umbo lake lilikokotolewa kwa makini ili uzito wote uteremke ardhini kwa kusukumana, na kwa hiyo matao yakajengwa kwa vigae vyembamba vya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo. Vigae hivyo vilifyatuliwa na wafanyakazi wa hapo hapo. Hesabu ilipunguza saruji na chuma vinavyonunuliwa mbali, na ikaongeza kazi ya mikono.

Jambo hili la mikono lina uzito wake Kericho. Mwezi Mei 2023 watu wenye hasira waliteketeza mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa ya huko, na mtu mmoja akapoteza maisha. Chanzo kilikuwa hofu ya kupoteza kazi. Binti anayekwenda kusomea mashine za kujengea hapana budi aiweke habari hiyo moyoni. Elimu yake yaweza kuwapokonya watu kazi, na yaweza kuwapa. Nyumba nyingi za wafanyakazi wa chai zimeezekwa mabati. Usiku wa baridi hutonesha maji ya mvuke, na mvua ya mawe ikinyesha mwalimu darasani hasikiki. Paa lisilopiga kelele, lisilovuja, lililojengwa kwa udongo na mbao za mkaratusi uliokua jirani, kwa gharama ambayo shule ya kijiji inaiweza, ni suala linalongoja mtu wa kulikokotoa.

Hapo ndipo penye ushauri wetu juu ya kuchagua masomo. Vijana wengi huanza na jina la chuo. Sisi twasema aanze na suala atakalolibeba, kwa kuwa masomo yanayoitwa kwa jina hili moja yanatofautiana sana. Kwa muhtasari yako ya aina tatu.

Aina ya kwanza hufundisha zaidi ubunifu wa maumbo na miji. Mfano mashuhuri ni masomo ya miezi kumi na sita ya Design Research Laboratory katika chuo cha Architectural Association, London. Katika chuo hicho, miaka ya 1970, ndipo aliposoma Zaha Hadid, binti wa Baghdad aliyesoma kwanza hisabati Beirut, na ambaye mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Aina ya pili hufundisha zaidi uandishi wa programu zenyewe. Mfano wake ni shahada ya Architectural Computation katika University College London, na mafunzo ya fani hii katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Aina ya tatu huunganisha hesabu, malighafi na ujenzi: wanafunzi hubuni, hukokotoa uzito, kisha hujenga kitu cha kusimama. Mfano ni masomo ya ITECH ya Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, ya miaka miwili na kwa Kiingereza, ambako wasanifu na wahandisi husoma pamoja; na masomo ya mwaka mmoja ya uundaji wa kidijitali katika chuo cha ETH, Zurich.

Kwa hiyo binti aulize maswali haya na ayaandike majibu. Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wamefanya kazi gani ya mwisho, na je, kuna hata moja inayoweza kujengwa Bomet bila ya kuagiza roboti? Mhandisi wa majengo yumo miongoni mwa walimu wa kila siku, au hualikwa mara moja kwa muhula? Masomo yanaanzia wapi katika uandishi wa programu, na yeye amefika wapi? Ada inajumuisha malighafi na matumizi ya karakana, au hivyo hulipiwa kando? Mwaka mmoja ni mfupi: mwanafunzi akiutumia nusu yake kujifunza kuandika programu, amebakiwa na nusu ya kufikiri. Awaandikie wahitimu wawili au watatu, hasa wanaotoka Afrika, awaulize bila haya.

Lipo na jambo la sheria ambalo vijana hulisahau. Katika Kenya, jina la msanifu majengo linalindwa na Sura ya 525 ya sheria zetu, na mtu hulipata kwa kusajiliwa na bodi, baada ya masomo yanayotambuliwa, mazoezi ya kazi na mitihani. Shahada ya uzamili ya ukokotoaji, hata ikitoka chuo kikubwa namna gani, haimsajili mtu. Binti huyu ana mwaka mmoja tu wa kazi. Akiondoka sasa, atarudi na shahada mbili, na bado hawezi kutia saini mchoro wa darasa moja la Konoin.

Sasa tufike kwenye fedha, maana ndiyo iliyomwandikisha mama barua hii. Ada ya masomo haya London kwa mwanafunzi asiye raia huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na hapo hajalala wala hajala. Stuttgart, kwa sheria ya jimbo la Baden-Württemberg iliyoanza mwaka 2017, mwanafunzi asiyetoka Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Mihula minne ni euro 6,000, pamoja na michango midogo. Ujerumani hutaka pia kuona akiba ya kujikimu, iliyowekwa euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, katika akaunti maalumu. Fedha hizo si ada. Ni za mwanafunzi mwenyewe, na hutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Aidha sheria humruhusu kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka.

Hata hiyo ni fedha nyingi kwa mwenye duka Litein, nasi hatusemi ni rahisi. Ndiyo maana mwombaji mwenye busara hutafuta mfadhili kabla ya kutafuta mnunuzi wa shamba. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, ila hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na kwamba mhitimu arudi kwao kwa angalau miaka miwili. Shirika la DAAD la Ujerumani lina ofisi Nairobi na lina mipango kadhaa ya uzamili. Serikali ya Uturuki, kupitia Türkiye Bursları, hupokea maombi kila Januari na Februari, na kwa uzamili huwataka walio chini ya miaka 30. Hulipa ada, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege, na mwaka wa kujifunza Kituruki. Na Istanbul, Chuo Kikuu cha Ufundi kina masomo ya uzamili ya ukokotoaji katika usanifu, katika mji ambao msikiti wa Suleymaniye wa Sinan ungali darasa la wazi la hesabu za kuba. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah nayo ina mpango wa ufadhili unaowahusu Waislamu wa nchi zisizo wanachama, yetu ikiwemo. Ama mikopo, wazazi wasome kila sharti na wawaulize wenye elimu ya dini kabla ya kutia saini, maana riba huingia kwa majina mengi.

Tukirejea kwenye shamba, rai yetu ni kwamba lisiuzwe. Lakini hatuliungi mkono neno la ami. Angekuwa mtoto wa kiume, tungesema vile vile. Msichana hapungukiwi na haki ya elimu kwa kuwa ataolewa. Elimu ataingia nayo katika nyumba yake, na wanawe wataikuta. Twakataa kwa sababu nyingine. Mti wa chai ukitunzwa hudumu miongo mingi. Malipo yake ya kila mwezi ni madogo, na bonasi ya mwaka hupanda na kushuka, kama wakulima wa Kericho na Bomet wajuavyo kwa uchungu. Lakini kwa malipo hayo huyu binti alisoma, na wadogo zake watatu wangali shuleni. Anayeuza shamba hauzi majani ya mwaka mmoja, anauza karo za watoto watatu kwa ajili ya mmoja, na dini yetu imetuamrisha uadilifu baina ya watoto wetu. Ardhi ya kilimo ikishauzwa Konoin, kuirudisha ni jambo gumu mno.

Mama na ajue pia kwamba hayuko nje ya uamuzi huu. Sheria ya Kenya hutaka idhini ya mwenzi wa ndoa, na ardhi ya kilimo hupitia bodi ya udhibiti wa ardhi. Hatusemi hivi ili dada yetu akamwekee mumewe pingamizi. Baba anayekubali kuvua alichonacho kwa ajili ya bintiye ni baba wa kupongezwa, na aanze kuambiwa hivyo kabla ya kuambiwa jingine lolote. Tunasema hivi ili wakae wote, na binti mwenyewe awepo, na ami akaribishwe, mashauriano yawe ya haki.

Katika kikao hicho twapendekeza haya. Binti akiandikie chuo cha London kuomba nafasi yake iahirishwe mwaka mmoja, bila kulipa amana. Vyuo vingi hukubali kuulizwa, na kikikataa, nafasi iliyopatikana mara moja yaweza kupatikana tena. Mwaka huo autumie kukamilisha uzoefu wa miaka miwili, ambao utamfungulia mlango wa Chevening na kumsogeza karibu na usajili. Jioni zake azitumie kujifunza lugha ya programu ya Python, isiyohitaji ada, ili asiende kuanza alifu ng'ambo. Achague suala moja la nyumbani, tuseme paa la darasa la Konoin lisilopiga kelele wakati wa mvua ya mawe. Alipime, alichore, alikokotoe, na kazi hiyo aiweke mwanzoni mwa jalada lake la maombi. Wasailiwa wengi hupeleka picha za minara ya kubuni. Yeye atakuwa amepeleka mvua ya kweli. Kisha aombe sehemu tatu au nne kwa pamoja, Stuttgart na Istanbul zikiwemo, na afadhali aende anakolipiwa.

Ama safari ya binti peke yake, hilo wazazi wamwulize sheikh wanayemwamini, na wamwulize sasa, kabla ya fedha yoyote kutoka. London, Stuttgart na Istanbul kote kuna misikiti na jamaa za Waislamu. Na watafutwe mapema, binti asifike mgeni wa kila mtu.

Tunajua kungoja ni kugumu kwa kijana aliyekwisha kuipata barua ya kukubaliwa. Pengine ataona tumemkata mbawa. Binti yetu, mwaka mmoja hautakuzeesha. Wewe ukingoja, wadogo zako wanakaa shuleni, mama yako analala bila deni, na wewe unaondoka ukijua unakwenda kutafuta nini. Swali istikhara, kisha ukiandike kile unachotaka kukijenga. Orodha ya vyuo ije baadaye.

Wenye watoto waliosomea fani hii, popote walipo, tunawaomba watuandikie. Tutaifikisha barua yao Litein.

Wabillahi t-tawfiq.